Nitro ya Mkurugenzi

Loth alipoingia gereji hakusalimia mtu, alipiga honi. Aliipiga mara tatu, gari likiwa limeshasimama ndani ya ua, hatua chache tu kutoka pale Silvana alipokuwa amelala chini ya pikapu ya muuza maharage. Flavian, mume wa Silvana, alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Alikiweka chini kwa pupa hadi kikapinduka, akakimbia kufungua mlango wa gari ambao Loth mwenyewe alikuwa ameshaufungua.

"Karibu Mkurugenzi! Karibu sana bosi wangu! Leo umetukumbuka."

Loth hakuwa mkurugenzi wa kitu chochote. Alikuwa na maghala mawili ya mahindi, moja mjini Sumbawanga na jingine Namanyere, na alinunua kwa wakulima kwa mizani ambayo yeye peke yake ndiye aliyeiamini. Cheo alijipa mwenyewe, akakichapisha kwenye kadi, na baada ya miaka mitatu watu walichoka kukumbuka kwamba hakukuwa na kampuni nyuma yake. Flavian alikuwa mtunza ghala wake. Alihesabu magunia, alifunga na kufungua makufuli, na kwa mshahara uleule alicheka kila bosi alipotaka kuchekewa.

Silvana alijivuta kutoka chini ya pikapu. Alichokiona kwanza ni viatu: jozi mbili za viatu vyeupe, vyeupe kabisa, juu ya udongo uliolowa oili. Jozi ya kwanza ilikuwa ya Loth. Ya pili ilikuwa ya kijana mwenye miwani ya jua, saa moja ya asubuhi, mwezi wa Julai, upepo ukishuka milimani na watu wazima wakitembea wameficha mikono kwapani.

"Shikamoo mama," kijana alisema. "Fundi tumemkuta?"

"Marahaba. Mmemkuta."

"Yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Kijana alimgeukia Loth kama mtu aliyeagiza wali akaletewa sahani tupu. Loth akacheka. "Ndiye huyuhuyu, Timoth. Usiogope, hatagusa kitu. Sisi tunataka jeki yake, spana zake na hili paa, basi. Mama Edith, huyu ni mtaalamu, nimemtoa Dar. Leo saa saba tuna mashindano barabara ya Pito, na nataka watu wa Mbeya waliokuja na vigari vyao warudi kwao wakilia."

Flavian akacheka. Halafu, kwa kuwa Loth alikuwa bado anatabasamu, akacheka tena.

Gari lilikuwa Subaru nyeupe iliyobandikwa stika mpaka kwenye vioo. Nyuma, mahali pa mizigo, ililazwa chupa ya buluu ya chuma, kubwa kama mtungi mdogo wa gesi ya jikoni, na mpira mwembamba ukitoka humo kwenda mbele kwenye injini. Timoth alimweleza Flavian kwa sauti ya kuhutubia. Hii ndiyo nitro. Dereva akibonyeza kitufe, gesi inaingia na kuipa injini pumzi ambayo haikuzaliwa nayo. Lakini pumzi ikizidi, petroli nayo lazima izidi, kwa hiyo kila moja ina jeti yake, kipande cha shaba kidogo kuliko punje ya harage, chenye tundu jembamba kama la sindano. Namba ikiwa kubwa, tundu kubwa, vinapita vingi. Petroli ikizidi gesi, injini inasongwa na kutoa moshi. Gesi ikizidi petroli, moto wa ndani unakuwa mkali kupita kiasi.

"Unakuwa mkali, halafu?" Flavian aliuliza.

"Halafu pistoni inayeyuka kama siagi," alisema Silvana, akifuta mikono kwa kitambaa.

Hakuna aliyemwomba asome somo hilo. Alikuwa amefungua na kufunga kabureta kwa miaka kumi na minne, na akili yake haikuona tofauti kubwa. Hewa hapa, petroli pale, ukikosea kipimo unalipa.

"Mama anajua, kumbe," Timoth alisema, akimtazama Loth. "Tuletee na chai basi, tukitoka barabarani."

Walitoka na gari, wakaenda nalo mpaka njia panda na kurudi. Kila kitufe kilipobonyezwa, ekzosi ilitema moshi mweusi mzito na injini ikakohoa kama mzee wa kifua. Waliporudi Timoth alifungua plagi moja, akainua juu. Ilikuwa nyeusi tititi.

"Nilijua," alisema. "Petroli nyingi mno. Huku kwenu ni juu, hewa nyepesi. Kule Dar nilifunga jeti ya petroli namba ishirini na nne na gari lilikuwa linaruka. Hapa tunashusha. Tunaweka ishirini."

Silvana alikuwa ameshika birika. Aliliweka juu ya ngoma ya oili, akaenda nyuma ya gari, akaweka kiganja juu ya chupa ya buluu. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Gari lilikuwa limelala nje usiku kucha nyumbani kwa Loth. Akainama, akasoma geji ya kupimia presha ya gesi iliyofungwa shingoni mwa chupa.

"Kaka, hii inatakiwa isome ngapi?"

"Mia tisa na ushee," Timoth alijibu bila kugeuka.

"Inasoma mia sita."

"Ni asubuhi, mama."

"Ndiyo ninachosema. Ni asubuhi, chupa ina baridi, gesi haina nguvu. Inatoka kidogo. Petroli yako inatoka ileile ya Dar. Ndiyo maana moshi. Tatizo si petroli kuzidi, tatizo ni gesi kupungua. Sasa ukibana petroli, saa saba jua likipiga kioo hiki cha nyuma chupa itapata moto, gesi itakuja na nguvu zake zote, na petroli ya kuipokea hakuna. Ipashe kwanza chupa. Ifike hiyo mia tisa, ndipo uguse jeti."

Timoth alivua miwani, na Silvana akayaona macho yake, macho ya mtu aliyeulizwa swali la mtihani ambalo aliliruka.

"Si kuna kifaa cha kuipashia?" aliuliza Silvana.

"Kipo. Kule Dar hatukitumii. Joto lenyewe linatosha."

"Kipo wapi?"

"Dar."

Timoth akavaa miwani tena, na pamoja na miwani akavaa sauti yake. "Mama, tuelewane. Huu si mtungi wa kuchemshia maharage."

Loth alipasuka kicheko. Timoth akacheka. Lakini aliyecheka kuliko wote alikuwa Flavian, alicheka hadi akashika mbavu, hadi akalazimika kuegemea gari, na alipotulia akarudia, "Mtungi wa maharage!" ili bosi apate kucheka mara ya pili. Silvana alimtazama. Walikuwa na miaka kumi na saba ya ndoa, na mtoto wa kike, Edith, aliyekuwa shule ya bweni, na hakuwahi kuona meno ya mume wake mengi kiasi kile.

"Haya, funga jeti," Timoth alimwambia, akimnyooshea kile kipande cha shaba kwa ncha za vidole. "Mimi sitaki kuchafuka kabla ya picha."

"Sifungi."

"Unasemaje?"

"Nimesema sifungi. Spana zile pale. Mwenye gari ana mikono miwili na wewe una miwili."

Loth hakumjibu yeye. Alimtazama Flavian, akainua nyusi, na hilo lilitosha. Flavian alimvuta mke wake mpaka nyuma ya tangi la maji.

"Mama Edith, unanifanyia nini? Mwezi ujao ananipa usimamizi wa ghala la Namanyere. Usimamizi! Si kufungua makufuli. Unataka kuniharibia kwa kipande cha shaba?"

"Alikuahidi lini?"

"Jana. Na leo kanichagua mimi kukaa naye mbele. Nitakuwa nambonyezea kitufe cha gesi. Watu wote wa mjini watakuwepo."

"Amekuchagua kwa kuwa wengine wamekataa."

"Wewe huwezi kufurahi mtu akipanda!"

"Baba Edith, nisikilize. Gari lile litapasuka."

"Litapasuka kwa sababu hujalifunga wewe," alisema Flavian, na akaona amesema jambo la maana sana, kwa kuwa alirudi uani kifua mbele, akachukua spana ya mke wake, akaifunga jeti namba ishirini yeye mwenyewe. Hakujua aanzie wapi. Timoth alimwelekeza kwa ncha ya kiatu cheupe: hapo, hapana, hapo chini, kaza, usikaze hivyo. Mama mzazi wa Flavian, Bibi Rozina, alitoka kwenye nyumba yao iliyopakana na gereji, akasimama na shuka lake begani kumtazama mwanawe akifanya kazi ya mtaalamu.

"Umeona?" alimwambia Silvana. "Na yeye anaweza."

Silvana alirudi chini ya pikapu ya maharage. Alikaa huko hadi honi ilipopigwa tena, mara tatu, ya kuaga.

*

Alikuwa ameapa asiende. Saa sita na nusu alikuwa pale, kando ya kipande cha lami kilichonyooka baada ya Pito, katikati ya watu waliokuja kwa bodaboda na kwa miguu, wengine wamepanda juu ya matrela ya mahindi. Baridi ya asubuhi ilikuwa imekwisha kabisa. Upepo ulikuwa bado unasukuma, lakini jua la juu ya uwanda ule halina mzaha. Linachoma kichwa wakati masikio bado yana baridi.

Subaru ya Loth ilikuwa imeegeshwa mahali pazuri pa kupigiwa picha, kioo cha nyuma kikitazama jua, vioo vyote vimefungwa. Ilikuwa hapo kwa zaidi ya saa nzima. Loth alizunguka akipeana mikono. Alikuwa amevaa suti nyekundu ya madereva iliyombana tumboni, na alitembea ameachanisha miguu kama aliyeshuka kwenye farasi. Aliwaambia watu namba ambazo hakuzielewa. Walimwitikia kwa vichwa kwa kuwa wengi wao walikuwa na mahindi ya kumuuzia.

Silvana alipita nyuma ya gari, akaweka mikono kando ya macho, akachungulia kioo. Sindano ya geji ilikuwa imepita elfu moja.

Alimwendea Loth moja kwa moja. "Mkurugenzi, geji imepita elfu. Asubuhi ilikuwa mia sita. Fungua vioo, mwagia chupa maji ya baridi, au rudisha ile jeti ya kwanza. Dakika kumi tu. Nitaifunga mimi mwenyewe."

"Mama Edith." Loth alimwekea mkono begani, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. "Wanawake wenzako wako pale kwenye soda. Nenda ukakae."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha heshima kwa mwenye mizani.

Timoth alikuwa amesimama karibu na gari. Silvana alimwona akigeuza kichwa, taratibu, akichungulia kioo cha nyuma. Alimwona akisoma. Kijana alijua. Alikuwa na ulimi, alikuwa na dakika kumi, alikuwa na ile jeti namba ishirini na nne mfukoni. Akatoa simu, akaanza kutafuta kitu ambacho hakikuwepo kwenye simu. Silvana alikuwa amewadharau watu wengi maishani kwa ujinga, na siku zote alibakiza huruma kidogo, kwa kuwa mjinga hakuomba kuwa mjinga. Kwa huyu hakubakiza kitu.

Flavian alikuwa ameshakaa mbele, kichwani kofia ngumu iliyomzidi ukubwa mpaka nyusi hazikuonekana.

"Shuka," alisema Silvana dirishani.

"Nenda bwana."

"Flavian. Shuka. Jifanye tumbo linauma."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Edith azaliwe. Flavian alimtazama kutoka ndani ya ile kofia, na kwa mara moja tu uso wake ulikuwa uso wa mtu anayefikiri. Kisha Loth akafungua mlango wa upande wa pili.

"Usinitie aibu," Flavian alimwambia mke wake, na akapandisha kioo.

Bendera iliposhuka Subaru iliruka kweli. Kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tano ilikuwa mbele ya gari la Mbeya, na watu juu ya matrela walipiga kelele. Silvana hakupiga kelele. Alisikia injini ikilia sauti kavu, nyembamba, sauti ya kitu kinachoungua bila maji. Kisha akasikia kokoto. Ndivyo inavyosikika, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Alianza kukimbia kabla ya mlipuko.

Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa; ulikuwa mlio mmoja mzito wa chuma, na moshi, mweupe sasa, ukafunika kioo cha mbele. Gari liliyumba, likaingia kwenye majani, likasimama. Mlango wa dereva ulifunguka kwanza. Loth alitoka na kukimbia hatua thelathini bila kugeuka nyuma, kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea kwa tumbo lile. Alipokuwa mbali vya kutosha ndipo alipogeuka. Miali ilikuwa inachungulia kwenye ukingo wa boneti.

"Flavian! Fungua boneti! Gari langu! Fungua boneti!"

Na Flavian, aliyekuwa ameshatoka, aliyekuwa salama, aliyekuwa amesimama kwenye majani akijipapasa kifua, alirudi. Alivua kofia, akaiweka chini kwa adabu, akashika boneti kwa mikono mitupu na kuiinua. Moto uliokuwa unatafuta hewa ukaipata.

Silvana alimfikia akiwa bado ameinua boneti, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aiachie. Alimvuta kwa kola mpaka wakaanguka wote wawili. Watu walifika na udongo, na maji ya kwenye madumu, na mtu mmoja wa Mbeya alikuja na kizimamoto. Loth alikuja wa mwisho. Alilizunguka gari lake mara mbili kabla ya kuuliza, "Huyo vipi?"

*

Flavian alilazwa siku tatu, akarudishwa nyumbani mikono yote miwili imefungwa bandeji nyeupe hadi viwiko, minene kama magunzi yenye maganda. Daktari alisema vidole vitapona, lakini kwa wiki kadhaa asishike kitu. Kwa hiyo Silvana alimlisha uji kwa kijiko. Alimvua na kumvisha. Alimpeleka chooni. Alifanya yote hayo vizuri, kwa wakati, bila neno, kama anavyofanya fundi kwa gari la mteja asiyempenda. Flavian angependelea matusi.

Jumatano jioni Loth alikuja kumwona mgonjwa. Hakupiga honi. Alikuja na Timoth, na mfuko wa machungwa, na bahasha. Bibi Rozina alitandika kitambaa kwenye kiti, akapiga goti. Silvana alibaki amesimama mlangoni na bakuli la uji.

Loth aliongea kwanza kuhusu Mungu, kisha kuhusu mateso, kisha akafika kwenye bahasha. Kamati ya mashindano ilikuwa inakutana Jumamosi. Ilitaka kujua gari lilitayarishwa na nani. Kanuni zao zilikuwa wazi: mwenye gari akitumia mtu asiyejua kazi na abiria akaumia, anafungiwa na analipa matibabu. Lakini ikiwa gereji ndiyo iliyokosea, basi ni juu ya gereji.

"Ni karatasi tu," alisema Loth. "Inasema jeti ilifungwa gereji kwa Silvana, na fundi Silvana. Si uongo, si ilifungwa pale? Wewe ulikuwepo, wewe ndiye uliyeumia, neno lako lina uzito. Flavian, mimi nawe tumetoka mbali. Namanyere inakusubiri."

Flavian alitazama karatasi. Alitazama machungwa. Hakutazama mlangoni.

"Mikono ndiyo hii, bosi. Siwezi kushika kalamu."

"Tulilifikiria hilo," Timoth alisema, na kutoka mfukoni akatoa kidau cha wino wa mihuri, kile cha bati, akakifungua. "Dole gumba la mguu linakubalika. Ni alama ya mtu vilevile."

Silvana alingoja. Alijiambia kwamba kuna mahali ambapo kila mtu hukoma, hata huyu, na kwamba kama mahali hapo papo, patakuwa ni hapa. Blanketi lilitikisika. Polepole, kutoka chini yake, ukajitokeza mguu wa mume wake.

"Ngoja kwanza," alisema Bibi Rozina, akainuka haraka. "Ngoja niuoshe. Mkurugenzi asije akashika uchafu."

Akaleta beseni na sabuni. Mama wa miaka sabini na moja aliosha mguu wa mwanawe wa miaka arobaini na minne, katikati ya vidole, akaukausha kwa kanga yake, ili upate kumshtaki mke wa huyohuyo mwana. Timoth akakandamiza dole kwenye wino na kwenye karatasi. Loth alifuata kazi hiyo kwa macho, kitambaa kikiwa puani. Walipotoka Flavian aliuacha mguu nje ya blanketi, dole likiwa jeusi, kama hakujua tena ni wa nani.

Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka uani sauti ya Loth ilisikika vizuri, hakujisumbua kuishusha.

"Umeoshwa na bado unanuka! Nikifika nyumbani hii karatasi naianika."

Walicheka wote wawili mpaka kwenye gari la kukodi. Silvana alikuwa bado mlangoni. Alimwona mume wake akisikia. Aliona lile neno likimfikia, likiingia, likikaa.

"Umekasirika?" Flavian aliuliza baadaye.

"Fungua mdomo," alisema Silvana, akamlisha uji uliokuwa umeshapoa.

Siku ya Ijumaa muuza maharage alikuja kuchukua pikapu yake, akaleta habari bila kujua ni habari. Ghala la Namanyere limepata msimamizi: mpwa wa mke wa Loth. Alianza kazi Alhamisi. Flavian alikuwa ameketi kwenye kigoda juani, mikono imewekwa magotini. Usiku huo hakutaka kula.

*

Kamati ilikutana kwenye ukumbi wa nyuma wa baa moja mjini, viti vya plastiki na madirisha yasiyofungika. Mwenyekiti alikuwa Mzee Beda, dereva mstaafu aliyepeleka malori Mbeya kwa miaka thelathini, mingi kati ya hiyo bila lami. Silvana alikwenda peke yake. Alikuwa na kitambaa chenye vipande vya injini alivyoruhusiwa kuvifungua mbele ya wajumbe siku iliyotangulia, na alieleza bila kupamba: chupa ya baridi, mia sita, jeti namba ishirini, elfu moja, pistoni ya tatu iliyotoboka, plagi iliyogeuka nyeupe na vijipunje vya chuma kilichoyeyuka. Wajumbe walimsikiliza kama watu wanaosubiri chakula. Kisha Loth akasimama, akaweka karatasi mezani.

"Tusipoteze muda. Mume wake mwenyewe ameshuhudia."

Mzee Beda alivaa miwani. Alisoma. Aliigeuza karatasi upande, akaigeuza tena.

"Hili doa ni nini?"

"Ni alama ya dole. Aliumia mikono."

"Dole lipi?"

Loth alikohoa. "La mguu."

Mjumbe mmoja alicheka puani. Wa pili akainamisha kichwa. Baada ya muda ukumbi mzima ulikuwa unacheka, na Loth akasimama katikati ya kicheko hicho akitafuta aliyekianzisha ili amkumbuke msimu wa mahindi. Silvana hakucheka. Lile dole alilikata kucha yeye, Jumapili.

Mlango ulisukumwa kwa bega. Flavian aliingia. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani na upepo ule, shati halikufungwa vifungo, kandambili zimevaliwa kinyume. Alisimama katikati ya ukumbi na mikono yake mbele kama mtu aliyebeba mtoto.

"Shikamoo mwenyekiti. Jeti niliifunga mimi."

"Flavian, kaa chini," alisema Loth.

"Niliifunga mimi kwa spana ya mke wangu. Yeye alikataa. Alisema itapasuka. Huyu kijana alinionyesha kwa kiatu." Sauti yake ilianza kupanda, na Silvana alijua mara moja inakokwenda, akatamani iishie pale. Haikuishia. "Na Namanyere alinidanganya! Kampa mpwa wa mke wake! Miaka sita namfungulia ghala! Na akasema nanuka! Mguu umeoshwa na mama yangu mzazi, akasema nanuka!"

Alikuwa analia sasa, kamasi zinatoka, na hakuwa na mkono wa kujifutia. Mzee Beda alimgeukia Timoth.

"Kijana. Ulipochungulia ile geji kabla ya bendera, maana nilikuona, ilisoma ngapi?"

Timoth alitazama viatu vyake. "Elfu moja na hamsini."

"Ukasema nini?"

Timoth akavaa miwani yake ya jua humohumo ukumbini.

Loth alifungiwa miaka miwili na akaandikiwa kulipa matibabu. Hapohapo mezani, kabla wino haujakauka, alimfuta Flavian kazi, na akaondoka bila kumuaga mtu. Hasara haikumuumiza sana. Msimu ungefika, mizani ingetoka, na wale wale waliocheka wangepanga foleni na magunia yao. Alijua hivyo, na wao walijua. Timoth alipanda basi la kesho yake alfajiri.

Nje ya ukumbi upepo ulikuwa mkali. Flavian alimngojea mke wake kando ya ukuta. Alijua amefanya jambo kubwa na alikuwa anasubiri kuambiwa.

"Nimesema kweli," alisema. "Umesikia? Nimesema yote."

"Nimesikia."

"Kazi imekwenda."

"Imekwenda."

Silvana alimtazama. Alijua kilichomleta pale. Hakikuwa yeye, na hakikuwa haki. Kilikuwa mpwa wa mke wa Loth, na neno moja lililopita dirishani. Kama Namanyere ingebaki yake, mguu ule ungebaki juu ya ile karatasi hadi mwisho wa dunia. Lakini aliyoyasema yalikuwa kweli, alitembea peke yake kuja kuyasema, na sasa alikuwa anatetemeka.

"Nina baridi," alisema Flavian.

Silvana alimsogelea. Alianza na kifungo cha chini cha shati, akapanda, kimoja kimoja, kwa vidole vyake vyenye oili kwenye kucha. Watu waliokuwa wanatoka ukumbini waliwapita. Flavian alisimama wima, kidevu juu, kama mtoto anayeandaliwa kwenda shule. Silvana alipofika kifungo cha mwisho, kile cha shingoni ambacho hakuna mtu anayekifunga, alikifunga nacho, kikabana.

"Kinanikaba," alisema Flavian.

"Najua," alisema Silvana. "Twende."